Kizingiti cha Mbayuwayu

Chaaa! Gizani ilisikika sauti ya kitambaa kikichanika, kisha sauti ya mwanamke ikimwita Yesu, kisha sauti ya mhudumu ikikazana juu ya king'ora: "Tokeni! Rukeni! Acheni mizigo!" Hakuna aliyetoka wala aliyeruka. King'ora kililia mpaka kikachoka chenyewe.

Taa zilipowashwa, Mama Marthe alionekana ameupanda mlango wa dharura kama mtu aliyempanda punda mkaidi. Mguu mmoja ulikuwa nje juu ya bawa, wa pili ulikuwa umebaki ndani, na kitenge chake cha maua ya rangi ya chungwa kilikuwa kimepasuka kuanzia gotini. Nyuma yake alisimama Jacques, fundi cherehani kutoka Hillbrow, mikono mgongoni, uso ameugeuzia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Nyuma ya Jacques kwaya nzima ya kanisa lao ilikuwa imebanana kama dagaa mkoponi.

"Msukume!" mhudumu alimpigia kelele Jacques. "Uliambiwa mapema! Wa mbele akikwama, wa nyuma anamsukuma!"

"Nipe mwingine yeyote nimsukume," Jacques alijibu bila kugeuza uso. "Hata askofu. Huyu ni mama mkwe wangu."

Kutoka safu za nyuma mzee Léonce, Mrundi mwenye sauti ya besi, alikuwa akicheka hadi machozi. "Na mimi mnaniambia 'ruka'! Kwetu ruka ni kutapika! Nimesubiri, tumbo halijanituma!"

Watu wakaangua kicheko. Waliokuwa nje ya ndege, wenye saa na kamera mikononi, hawakucheka.

Kusema kweli haikuwa ndege bado. Ilikuwa kielelezo cha mbao na bati chenye viti vya kweli na milango ya kweli, kilichojengwa ndani ya bohari kubwa karibu na uwanja wa ndege, mashariki mwa Johannesburg. Mwaka ulikuwa 2017. Wahandisi wa nchi kadhaa za Afrika walikuwa wameungana kubuni ndege ya abiria ya kuunganisha miji ya bara hili, nayo ikapewa jina la Mbayuwayu. Injini zilichorwa kwingine, mabawa kwingine. Johannesburg ilipewa chumba cha abiria, yaani viti, makabati na milango. Sheria ya kazi hiyo haina huruma: nusu ya milango ikiwa imefungwa, abiria wote wawe nje kwa dakika moja na nusu. Ndege isiyoweza hilo hairuhusiwi kubeba hata kuku.

Kuna methali isemayo, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Wanaoisoma juu juu hudhani inamsuta mchoyo peke yake. La! Methali hii ni kali kuliko hivyo. Inasema kwamba anayetengeneza kitu hukikata kwa kipimo cha mwili wake na mazoea yake, hata kama moyoni hana ubaya wowote. Basi ambaye hakuwapo ngoma ilipowambwa asishangae akikuta ngozi haikumfikia.

Aliyeichagua kwaya ile ije kufanya jaribio alikuwa Gaëlle, mhandisi kijana wa milango. Mama Marthe alikuwa mama yake mzazi. Walitoka Lubumbashi Gaëlle akiwa bado anabebwa mgongoni, na akakulia ghorofani Hillbrow, mtaa wa Johannesburg ambapo lifti ikifa haifufuki. Alisoma kwa taa ya ngazini mpaka akavaa joho la uhandisi. Sasa alipanda kwenye jukwaa la bawa, akampa mama yake mkono, akamfunika kwa koti lake la kazi.

"Pole, Mama."

"Pole ya nini? Kitenge kitashonwa," Mama Marthe alisema akijikung'uta. "Ila mlango wenu huo, mwanangu, ni dirisha linalojidai."

Steve alikuwa akimsubiri Gaëlle kando ya meza ya michoro. Alikuwa Mkenya, mkuu wa usanifu wa chumba cha abiria, mtu mrefu mkakamavu aliyekimbia mbio za masafa marefu kila mwaka. Alikaa Sandton, mtaa wa wenye nazo, na kila asubuhi alishuka kwenye treni ya kasi akiwa nadhifu kama bahasha mpya. Hakuwa mtu mbaya. Alijua kazi yake sawasawa, na hilo ndilo lililokuwa gumu.

"Sasa, Gaëlle, hii ni nini umeniletea?" aliuliza. "Mmoja anatoboa tundu kwa kitenge, mwingine hataki kugusa mkwewe. Hii ni ndege ama ni harusi?"

"Ni abiria, bosi."

"Ijumaa mkubwa wetu, Bi. Mwanaharusi, anakuja kufunga michoro. Ikishafungwa imefungwa, fremu zinaanza kukatwa kiwandani. Wacha nilete vijana wa ofisini Sandton. Hao wanasikia maagizo."

"Kizingiti kiko juu mno," Gaëlle alisema. "Mwenye suruali anakivuka. Mwenye kitenge anakwama, na mzee mwenye magoti mabovu anakwama. Na kwetu mkwe wa kiume hamgusi mama mkwe wake hata nyumba ikiwaka moto. Huwezi kumwamuru aache heshima yake kwa dakika moja na nusu. Tushushe kizingiti, kila mtu apite kwa miguu yake mwenyewe."

"Nikishusha kizingiti nakata ubavu wa ndege. Ubavu uliokatwa lazima utiwe nguvu, na nguvu ni uzito. Unajua hapa tunapigania kila kilo. Hizo kilo nitazitoa wapi?"

Gaëlle akaweka kidole kwenye mchoro, mbele kabisa, karibu na viti vipana vya wenye tikiti za bei kubwa. "Hapa."

Lilikuwa kabati la makoti. Steve alilibuni mwenyewe na kulipenda kama mzaliwa wake wa kwanza. Lilikuwa na mlango wa mbao laini na taa ndogo ndani, ili suti ya bwana ifike bila kukunjamana. Watu wa ofisini walilisifu sana, maana wote walikuwa na makoti.

Uso wa Steve ukajikunja. "Usiguse kabati. Ijumaa wanakuja vijana wangu, jaribio linapita, tunafunga. Kwaya iambie asante."

"Na siku ndege ikiwaka kweli, abiria watakuwa vijana wako?"

"Hiyo mdomo itakutoa kazini, Gaëlle."

"Basi initoe kupitia mlango mpana," Gaëlle akajibu, akaondoka na mchoro wake.

Jioni hiyo Hillbrow ilichemka kama kawaida yake. Teksi zilipigiana honi kwenye roboti, taa ya barabarani iliyogoma kuwaka kijani, na muziki wa ghorofa moja ulipigana na muziki wa ghorofa nyingine. Mama Marthe alikuwa kwenye meza yake ya vitenge kando ya njia. Hatua chache kutoka hapo Jacques aliinamia cherehani, akishona mpasuko wa kitenge cha mama mkwe wake. Hakukipokea kutoka mkononi mwake. Chloé, mkewe, dada yake Gaëlle, ndiye aliyekileta, na ndiye atakayekirudisha.

Gaëlle alipomaliza kusimulia, Jacques alisimamisha cherehani. Ulimi wake haukuwahi kukosa mistari, na sasa aliighani kwa sauti ya kusikiwa barabara nzima:

"Mlango wa mwenye suti, mwenye kitenge hapiti!
Ngoma wamewamba wao, ngozi wavutia kwao!"

"Eish, Jacques!" wauza mihogo wakashangilia.

Mama Marthe hakushangilia. Alikunja kitenge kimoja, akakikunjua, akakikunja tena. "Gaëlle, mwanangu, sikiliza. Usigombane na mkubwa wako kwa ajili yangu. Mwambie nitarudi nimevaa suruali."

"Suruali ya nani, Mama?" Chloé aliuliza. "Nyumbani kwetu suruali ni za Jacques tu."

"Ya Jacques?" Mama Marthe alishika kifua. "Bora ndege ianguke!"

Wakacheka wote, hata Jacques aliyejifanya kutafuta uzi chini ya meza. Lakini kicheko hakikumfikia Gaëlle moyoni. Alimtazama mama yake, mwanamke aliyevuka mipaka ya nchi na mtoto mgongoni bila kukifungua kitenge kile, ambaye sasa alikuwa tayari kukivua ili dirisha la watu wengine lisisumbuke. Kitu kikawaka ndani yake kama makaa yaliyopulizwa.

"Hutavaa suruali ya mtu," alisema. "Chloé, nipe hicho kitenge kikishashonwa. Ijumaa nakwenda nacho."

Ijumaa bohari lilijaa vijana wa ofisini, wahasibu na makarani, viatu vya mpira miguuni, tabasamu tele. Bi. Mwanaharusi aliingia bila kishindo. Alikuwa mhandisi mkuu wa Mbayuwayu nzima, mama wa Kitanga aliyefunga ushungi mweupe, asiyependa kupotezewa muda. Steve alimtembeza, akamwonyesha viti, akamfungulia kabati la makoti. Taa ndogo ikawaka. Bi. Mwanaharusi aliitazama, akasema "Nzuri," kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa picha za harusi ya wengine.

"Tuanze," Steve akasema.

"Kabla ya kuanza," Gaëlle alisema kwa sauti iliyopasua bohari, "namwomba bosi wangu akae kwenye safu ya mlango wa bawa. Na avae hiki."

Akakikunjua kitenge. Maua ya rangi ya chungwa yakatanda mbele ya watu kama bendera ya nchi isiyoomba ruhusa. Vijana wakaziba midomo.

"Wacha mchezo, Gaëlle," Steve alisema chini chini.

"Sichezi. Umesema tatizo ni watu, si mlango. Wewe ni mkimbiaji, magoti yako ni chuma. Kama mlango ni mzima, utapita hata umevaa kitenge. Au wanaume wa mbio ndefu wanaogopa kitambaa?"

Kila mmoja alijua kwamba mtoto wa Hillbrow ameiweka kazi yake juu ya meza, na hakuna mkono wa kuirudisha mfukoni. Steve akamtazama Bi. Mwanaharusi, akitumaini neno la kumwokoa.

"Njoo nikufunge," Bi. Mwanaharusi akasema. "Kwetu Tanga mtu hafundishwi kufunga nguo. Simama wima, baba. Hivyo. Sasa umependeza."

Taa zikazimwa. King'ora kikalia. "Tokeni! Acheni mizigo!" Vishindo vya miguu vilisikika vikianza vizuri, vikaja mbio, kisha vikafa ghafla. Gizani ikasikika sauti ya Steve ikihema, kitambaa kikigugumia, na ngumi ikipiga bati.

"Nisukumeni!" Steve alifoka. "Mbona hamnisukumi?"

"Bosi," ilijibu sauti ya Armel, karani wa hesabu aliyekuwa nyuma yake, "nikuguse wapi?"

Taa zilipowaka, Steve alikuwa juu ya kizingiti, mguu mmoja Johannesburg na mwingine hewani, kitenge kimembana kama mtego. Armel alikuwa nyuma yake, mikono mgongoni, uso ukutani. Nyuma ya Armel vijana wenye tabasamu walikuwa wamebanana kama dagaa mkoponi. Wiki haikuwa imeisha tangu Jacques asimame vilevile, mahali palepale.

Bi. Mwanaharusi, aliyekuwa ameisoma taarifa ya jaribio la kwaya, alipanda jukwaani polepole. "Bwana Steve, hawa nao ni wakwe zako?"

Hapo bohari zima likalipuka kwa kicheko, na Steve mwenyewe, jasho likimtoka, akashindwa kuuzuia mdomo usitabasamu. Lakini hakukubali kushindwa upesi.

"Mheshimiwa, uliza pia upande huu," alisema akijinasua. "Huyu Gaëlle anavutia kwake. Aliyekwama juzi ni mama yake mzazi!"

"Ni kweli?" Bi. Mwanaharusi akamgeukia.

Wapo ambao wangejitetea. Wangesema hapana, nawazia abiria wote, sina upendeleo. Gaëlle aliinua kidevu.

"Ni kweli, navutia kwetu. Na yeye alivutia kwao, maana kabati lile halikuingia kwenye mchoro kwa miguu yake. Hakuna anayewamba ngoma akavutia kwa jirani. Tofauti yetu ni moja tu: yeye alivutia makoti, mimi navutia mama zetu. Koti likiungua, Bi. Mkubwa, halilii."

Bi. Mwanaharusi aliinama akapima kizingiti kwa kiganja, akapima tena kwa goti lake mwenyewe, akavuta pumzi.

"Sifungi michoro leo," alisema. "Kabati litoke. Kizingiti kishuke. Lakini uzito ukizidi ule wa kabati hata kwa kilo moja, kizingiti kinarudi juu na wewe, binti, unarudi Hillbrow. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kuelewana ni neno, kazi ni mlima. Ubavu wa kwanza alioubuni Gaëlle ulikuwa mwepesi, nao ulipotiwa kwenye mashine ya kukandamiza ukapasuka kwa mlio wa bunduki. Wa pili ulikuwa na nguvu za kubeba kanisa, na uzito wa kanisa pia. Kwa muda mrefu Steve alipita mezani pa Gaëlle kama mtu aliyefiwa. Siku moja hakupita. Alivuta kiti, akatazama mchoro, akachukua penseli.

"Unaweka chuma mahali ambapo hakuna kazi," alisema. "Nguvu inapita pembeni, ona. Nyembamba hapa katikati. Na mlango wenyewe usimtupie abiria mikononi, uufanye uinuke juu kwa bawaba."

Gaëlle alimtazama kwa mashaka. "Kwa nini unanisaidia, bosi?"

"Nilipokuwa nimekwama pale juu nilimkumbuka nyanya yangu," Steve akajibu, macho kwenye karatasi. "Anafunga leso mbili, moja juu ya nyingine. Mwaka jana tu nilimwahidi safari ya ndege. Mbavu hazichoreki kwa kunitazama. Chora."

Wakachora, wakavunja, wakachora tena. Mwaka wa 2018 ulipokuwa ukikata kona, ubavu wa tatu uliingia kwenye mashine ukatoka mzima, ukapanda kwenye mizani, na mizani ikakubali. Mahali pa kabati la makoti pakabaki ukuta mtupu, mweupe, usio na taa.

Kwaya ikaitwa tena. Safari hii Bi. Mwanaharusi mwenyewe ndiye aliyeshika saa. Mzee Léonce aliomba kwanza neno "ruka" lifutwe kwa usalama wa matumbo ya Warundi, likafutwa kweli, likawekwa "pita". Jacques alikaa nyuma ya mama mkwe wake kama mara ya kwanza, kwa sababu Gaëlle alikataa wabadilishane. Alitaka mlango ujaribiwe na watu walivyo, si watu waliopangwa upya ili mlango ustarehe.

Giza likaingia. King'ora kikalia. Gaëlle alisimama chini ya bawa, ameng'ata kidole, masikio wazi. Alisubiri ile sauti ya kitambaa kikichanika.

Haikuja. Zilikuja sauti za nyayo. Pu! Mtu bawani. Pu! Mwingine. Pu, pu, pu, kama mahindi yakimiminwa siniani. Halafu sauti ya Mama Marthe, ikiimba pambio huku anapita! Na mara baada yake sauti ya Jacques: "Shemeji Gaëlle! Mwambie mama ametoka vizuri, na mimi sijamgusa!"

Taa zilipowaka chumba cha abiria kilikuwa kitupu, na mkono wa saa ulikuwa bado haujaufikia mpaka wa sheria. Kwaya ilijaa chini ya bawa ikipigana vikumbo kwa furaha. Steve alikuwa amemkumbatia mzee Léonce bila kumjua jina. Bi. Mwanaharusi aliichukua kalamu, akafunga michoro.

Mama Marthe alikiangalia kitenge chake. Mshono wa Jacques ulikuwa mzima. Akaugonga ubavu wa kielelezo kwa kifundo cha kidole, kama anayenunua chungu sokoni.

"Hii ni mbao," alisema. "Ile ya kweli ikiruka kwenda kwetu Lubumbashi, mlango utakuwa hivihivi? Au mkishatupigia makofi mtaupandisha tena?"

Gaëlle akaishika mikono ya mama yake mbele ya kwaya, mbele ya Steve, mbele ya mwenye kalamu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila pembe ya bohari:

"Utakuwa hivihivi, Mama, au mimi sitakuwamo humu. Na baada ya Mbayuwayu itakuja ndege nyingine, na baada ya hiyo nyingine. Nakuahidi, popote itakapowambwa, nitakuwapo, nimeishika ngozi kwa mikono yangu miwili, na sitaiachia mpaka ikufikie wewe. Sitaona haya wala sitaomba radhi, kwa maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake."